Maisha ya Dakta Ludwig Krapf, Mtu wa Machozi na Furaha



Mtu asafiriye kwa jahazi toka Tanga kwenda Pangani, akigeuza uso kutazama bara siku isiyo na ukungu, huiona milima ya Usambara imesimama kwa mbali. Milima hiyo hiyo ilitazamwa na mgeni mmoja katika mwezi wa Februari mwaka 1852. Alikuwa amekaa katika chombo kidogo kilichotoka Mombasa, mwili wake umedhoofika kwa homa za miaka mingi, na moyoni ana tumaini moja, kwamba mfalme wa milima ile atampa mahali pa kujenga nyumba ya Mungu. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf. Wengi wenu mlilisikia shuleni, kwa kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Habari za milima zimekwisha kuandikwa na wengine. Mimi napenda kuwasimulia jinsi mtu huyu, aliyezika mke na watoto na rafiki, na ambaye karibu kila shauri alilolishika lilivunjika mkononi mwake, alivyokaa katika furaha ya Bwana mpaka uzee wake.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg huko Udachi. Wazazi wake walikuwa wakulima, Wakristo wa Kilutheri. Alipokuwa kijana wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vikali mno kwa kosa asilolitenda, hata akaugua miezi 6. Katika kulala kitandani alianza kuzisoma habari za wazee wa imani, Ibrahimu na Isaka na Yakobo, na moyo wake ukashikwa nazo. Sisemi kwamba Mungu alimtuma yule jirani ampige mtoto asiye na hatia. Nasema tu kwamba Mungu hakuuacha ugonjwa ule upite bure.

Hata njia ya kwenda skuli aliipata kwa namna ya kuchekesha. Dada yake alitumwa mjini kununua kalenda ya mwaka mpya, akakosea mlango, akaingia katika nyumba ya mjane wa mchungaji mmoja. Walizungumza, na mjane yule alipopata habari za ndugu mdogo apendaye vitabu, akaahidi kumsaidia ili apate kusoma Kilatini. Huko skuli kijana Ludwig alipata kitabu cha ramani, akaona ya kwamba upande wa mashariki wa Afrika karibu hauna kitu, ila jina moja hapa na jingine pale. Akajiuliza kama nafasi ile ni tupu kwa sababu ya wingi wa fisi. Basi ndivyo nchi yetu ilivyokuwa katika macho ya mtoto wa Ulaya, karatasi nyeupe na mlio wa fisi!

Katika mwaka 1827 aliingia chuo cha misioni cha Basel, katika nchi ya Uswisi. Hakudumu. Mashaka yalimwingia, akatoka, akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha Tübingen, akawa msaidizi wa mchungaji, napo pia hakukaa kwa sababu ya maneno yake makali juu ya siku za mwisho. Nayataja haya ili msidhani ya kuwa alikuwa mtu mtulivu kwa tabia. La, alikuwa mtu wa haraka, mwepesi wa kuwaka moto na mwepesi wa kuvunjika moyo, na ile furaha tutakayoisimulia hakuzaliwa nayo. Mwishowe chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza, kiitwacho C.M.S., kilimpokea, kama kilivyowapokea Wadachi wengi wa Kilutheri siku zile, naye akaondoka kwenda Uhabeshi mwaka 1837.

Kazi ya Uhabeshi naipita upesi. Mwaka 1838 alifukuzwa katika nchi ya Tigre. Mwaka 1839 akaingia Shoa, akapokewa vema na mfalme Sahle Selassie, akakaa hata mwaka 1842. Akaondoka kwenda kumlaki mchumba wake, na njiani akanyang'anywa mali yake yote, akafika pwani ya Massawa kwa miguu kama mwombaji. Mchumba huyo aliitwa Rosine Dietrich, mtu wa Basel. Hapo kwanza alikuwa ameposwa na mmisionari mwingine, aliyekufa safarini kabla ya kuiona kazi yake. Walioana huko Misri mwaka 1842.

Walipojaribu kurudi Shoa walizuiliwa. Katika jangwa lile, mbali na nyumba, Bibi Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike. Baba alimbatiza kwa mikono yake mwenyewe, akampa jina la Eneba, ambalo maana yake katika lugha ya Kihabeshi ni chozi. Hakuishi. Wakamzika kando ya njia, na mama baada ya siku chache tu akapandishwa tena juu ya mnyama ili safari iendelee, kwa maana wenyeji waliofuatana nao hawakukubali kungoja.

Basi mlango wa Uhabeshi ulipofungwa, Krapf aligeuza uso wake kusini. Katika mwezi wa Novemba 1843 mume na mke waliondoka Aden. Chombo cha kwanza kilivuja vibaya hata ilibidi kurudi bandarini na kuanza tena, na wakati huo mama alikuwa tena mjamzito. Tarehe 7 Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said alimpokea Krapf kwa heshima, akampa barua kwa maliwali wake wa pwani, iliyomtaja kuwa mtu mwema na kuwaagiza wamtendee vizuri. Na huko Mombasa, Kadhi wa mji, Ali bin Muhyiddin, hakukataa kukaa naye na kumsaidia katika lugha. Imetupasa sisi tukaao pamoja na Waislamu katika miji hii kulikumbuka jambo hilo. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na Kadhi akiwa mwalimu wake.

Mwezi haukupita vizuri, homa ikaingia nyumbani. Krapf alipigwa kwanza, kisha mkewe. Tarehe 6 Julai Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikazidi. Alipojua ya kuwa saa yake imekaribia, aliogopa. Krapf mwenyewe hakuificha habari hii. Mkewe alishindana katika sala, akijiona hana kitu cha kumletea Mungu, mpaka akapewa amani. Kisha akawaita watumishi wa nyumba, waliokuwa Waislamu, akawashuhudia habari za Yesu kwa nguvu zilizosalia. Akaomba jambo moja kwa mumewe, kwamba asizikwe kisiwani bali ng'ambo, upande wa bara, karibu na njia wapitayo watu wa nchi, ili kaburi lake liwakumbushe sababu iliyomleta. Alikufa tarehe 13 Julai 1844. Mumewe alikuwa amelala kwa homa katika kitanda cha pili, na ilimlazimu kujikaza sana ainuke ahakikishe kwamba kweli amekwisha kufa. Mtoto naye hakukawia kumfuata mamaye, akazikwa pamoja naye. Kaburi hilo lipo hata leo, upande wa Nyali, ng'ambo ya mji wa Mombasa.

Hapo, ndugu, simameni kidogo pamoja nami. Mtu ana miaka 34. Ametoka kwao kwa ajili ya Injili, na katika muda wa miaka miwili amezika watoto wawili na mke wake. Hana Mkristo hata mmoja wa kumshika mkono. Kazi haijaanza. Alifanya nini?

Alilia. Aliandika baadaye kwamba moyo wake na mwili wake vililia siku nyingi. Wako watu katika sharika zetu wadhanio ya kuwa Mkristo mwenye imani hana ruhusa ya kulia matangani, nao humkemea mwanamke aliyefiwa na mtoto kana kwamba machozi yake ni kumkana Bwana. Krapf hakukemewa na mtu, kwa kuwa hakuwapo wa kumkemea, wala yeye hakujikemea. Lakini alipopata nguvu ya kushika kalamu, aliwapelekea wakubwa wa chama chake habari ambayo hawakuitazamia. Hakuomba kurudi kwao. Aliwaambia kwamba sasa liko kaburi la mtu wa misioni katika pwani ya Afrika Mashariki, na hilo liwe ishara kwao ya kuwa vita vimeanza, na kwamba saa imekaribia ya kuwaita watu wa bara hili tangu mashariki yake. Kwa desturi ya wanadamu, kaburi ni mwisho wa shauri. Yeye alilihesabu kuwa jiwe la kwanza.

Nikiyatafakari haya nakumbuka kwamba kitabu kile kile alichoanza kukifasiri mwezi mmoja kabla ya msiba kina habari za Ibrahimu aliyeahidiwa nchi nzima. Kwa miaka mingi Ibrahimu alikaa humo kama mgeni, hana hata hatua moja ya ardhi yake mwenyewe. Na shamba la kwanza alilolipata kuwa mali yake lilikuwa mahali pa kumzikia Sara. Alilinunua kwa fedha iliyopimwa, mbele ya mashahidi, baada ya kumlilia mkewe. Wanafunzi wa chuo, mnapoifundisha sura hiyo, msiipite haraka kama kwamba ni habari ya biashara tu. Mtu anayenunua kaburi katika nchi aliyoahidiwa anaonyesha kwamba hana nia ya kuondoka.

Krapf alibaki peke yake miaka miwili, akijifunza lugha na kutembelea vijiji vya Wamijikenda, walioitwa Wanyika siku zile. Tarehe 10 Juni 1846 akafika Johannes Rebmann, naye ni mtu wa Württemberg. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakahama Mombasa kwenda kufungua kituo Rabai. Msifikiri kwamba waliingia kwa fahari. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Walimpanda kwa zamu, huyu akipanda mwenzake akijikokota, na njia ya kupanda kilima cha Rabai ilikuwa kali hata Krapf karibu ashindwe. Katika udhaifu huo aliona furaha, akisema moyoni kwamba kazi ya misioni inapaswa kuanza hivyo, ili asiwepo mtu wa kujisifu.

Matunda hayakuonekana. Mtu wa kwanza aliyebatizwa huko alikuwa kiwete, jina lake Mringe, naye alikuwa karibu na kufa. Hebu fikirini! Miaka mingi ya kazi, na mavuno ni mtu mmoja asiyeweza kutembea, ambaye hakukaa duniani ili awe mzee wa kanisa au mwalimu. Wasaidizi walipotumwa kutoka Ulaya walikufa karibu mara wafikapo. Wagner alifika katikati ya mwaka 1849, akafa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Pfefferle alifika mwaka 1851, naye hakumaliza hata miezi michache. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga vituo kama mnyororo toka Mombasa mpaka bahari ya magharibi, na kila pete ya mnyororo ilikatika kabla ya kufungwa. Rebmann hakuipenda ndoto ile. Yeye alitaka kukaa mahali pamoja kwa saburi, na wawili hawa walibishana juu ya jambo hilo. Nadhani Rebmann alikuwa na haki zaidi, ingawa kama si Krapf mwenye haraka, Rebmann mwenye saburi asingepata kuja hata kidogo.

Katika mwezi wa Agosti 1851 Krapf alikuwa Ukambani, akisafiri na Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Karibu na mto Tana walishambuliwa, Kivoi akauawa, na wenzi wakatawanyika. Krapf alitangatanga nyikani peke yake. Aliujaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki, kwa kuwa hakuwa na kibuyu. Njaa ilipomshika alitafuna majani na mizizi. Maji yalipokwisha, alisikia kelele za nyani katika mto mkavu, akaenda, akakuta wamefukua mchanga na maji yamo, akanywa, akamshukuru Mungu kwa ajili ya nyani. Alirudi Rabai hali watu wamekwisha kusikia kwamba amekufa. Mtu mwingine angepanda meli ya kwanza. Yeye, baada ya miezi michache, alianza ile safari niliyoitaja mwanzo.

Usambara hakuwa mgeni kabisa. Mwaka 1848, mwezi wa Julai, alikuwa ametoka Rabai kwa miguu akafika Vuga, mji wa mfalme Kimweri, kisha akashuka mpaka Pangani. Kimweri alikuwa mfalme mkuu, raia wake walimwita Simba, na amri yake ilifika mpaka pwani yetu hii, ambako madiwani wa miji kati ya Tanga na Pangani walimtambua yeye pamoja na Sayyid wa Unguja. Krapf aliipenda sana nchi ile ya maji baridi na migomba, na watu waliotawaliwa kwa utaratibu. Kimweri alimpokea kwa wema, akakubali walimu waje. Hata mwaka 1852, alipopanda tena kutoka Pangani, mzee Kimweri hakuigeuza ahadi, bali alimkubalia mahali, nao ni mlima wa Tongwe, usio mbali na bahari. Mwezi wa Aprili Krapf alirudi Mombasa na ahadi hiyo mkononi. Naona hiyo ndiyo iliyokuwa saa njema kuliko zote katika kazi yake ya Afrika.

Hakujenga. Afya yake ilivunjika, na mwaka 1853 ilimbidi kurudi Ulaya. Mwenzake Erhardt alipanda Vuga mwaka huo huo, lakini hakuweza kudumu huko. Mwaka 1854 akakaa hapa Tanga miezi kadhaa, akiwauliza wenye misafara habari za maziwa makubwa ya bara. Habari hizo alizozikusanya Tanga zilitiwa katika ramani iliyochapwa Ulaya, na ramani hiyo iliwafanya Burton na Speke kuja kuyatafuta maziwa yale. Na Burton alipopita Tongwe mwaka 1857, hakukuta kanisa. Alikuta boma la askari wa Unguja. Kimweri alikufa mnamo mwaka 1862, na baada yake watoto na ndugu zake wakapigana wao kwa wao, na watu wengi wa milimani wakauzwa utumwani, wakashushwa kwa njia ile ile ya Pangani ambayo Krapf aliipanda akiwa na tumaini.

Msomaji atauliza, iko wapi basi furaha? Nami sitaki kulijibu swali hili kwa maneno mepesi. Krapf alipokaa Korntal, kijiji cha Wakristo katika nchi yake, angaliweza kuwa mzee mwenye uchungu, anayehesabu makosa ya wengine na kuionea wivu kila misioni mpya. Wako wazee wa namna hiyo, nasi twawajua. Yeye alifanya kinyume. Watu wa Kanisa la Methodisti la Uingereza walipotaka kutuma wamisionari Afrika Mashariki, hawakuwa wa chama chake wala wa kanisa lake, lakini aliondoka katika mwaka wa 52 wa umri wake, akasafiri nao mwaka 1861, akawatafutia mahali huko Ribe karibu na Rabai, kisha akarudi kwao akiwa mgonjwa. Thomas Wakefield aliyebaki Ribe alifanya kazi huko miaka mingi. Mahali pale palikuwa tunda la machozi ya Krapf, naye aliliweka mkononi mwa wengine bila kudai kitu.

Furaha yake ilishikamana na jambo hilo. Aliamini kwamba kazi ni ya Mungu kweli kweli, si kwa maneno ya mimbarani tu. Kwa hiyo kituo kilichofunguliwa na mtu mwingine, wa jina lingine, katika mwaka asioujua, kilikuwa chake vilevile. Mtume Paulo alikuwa na furaha ya namna hiyo alipowaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, akifurahi kwamba Kristo anahubiriwa, hata na watu waliomhubiri kwa kumchukia yeye. Furaha hiyo haikumzuia Krapf kulia, wala haikumwondolea homa. Ilimzuia asigeuke nyuma.

Na vituo vilikuja. Waanglikana wa misioni ya Unguja waliingia Magila, chini ya Usambara, mwaka 1868, Krapf angali hai. Sisi Walutheri tulifikiwa baada ya kufa kwake, hapa Tanga mwaka 1890, na mwaka 1891 Wohlrab na Johanssen walifungua kituo cha Mlalo, huko juu milimani. Vuga penyewe, mji wa Kimweri, ulipata kituo mwaka 1895, na baadaye pakajengwa kiwanda cha kuchapa vitabu. Katika mji ule ambamo Krapf aliomba ruhusa tu ya kufundisha, Kiswahili alichokuwa amekiandika kwa taabu pamoja na Kadhi wa Mombasa kilipigwa chapa karatasi kwa karatasi, kikashuka milimani katika mizigo ya wachuuzi wa vitabu na waalimu.

Imenibaki kusema habari za uzee wake. Krapf hakuacha kuandika. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapwa Tübingen mwaka 1850, ya kwanza ya namna yake. Sasa alifanya kazi juu ya kamusi, akikusanya maneno ya Kimvita aliyoyasikia miaka 30 nyuma, maneno ya vyombo na samaki na kilimo na ya matanga pia. Alioa tena mwaka 1856, mke huyo naye akamtangulia kufa, akaoa mara ya tatu. Mwaka 1867 aliitwa kuwa mkalimani wa jeshi la Kiingereza lililokwenda Uhabeshi, akaugua, akarudishwa.

Rebmann alikuwa angali Rabai. Alikaa huko miaka 29. Mtoto wake alikufa angali mchanga, mkewe Emma akafa mwaka 1866, na macho yake yakaingia giza kidogo kidogo hata akawa kipofu kabisa. Hakuondoka. Alikuwa na Wakristo wachache tu kumzunguka, nao aliwafundisha kwa kusikia, kwa kuwa hakuweza tena kusoma. Katika mwaka 1875 alikubali kurudi Ulaya, akiongozwa kwa mkono na kijana Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Habari hii inastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa sharika. Mwalimu aliyekuja kuwaongoza watu katika nuru aliongozwa mwenyewe na mwanafunzi wake, safari nzima ya bahari, mpaka nchi ya kwao ambayo hangeweza kuiona tena.

Krapf alimkaribisha Korntal. Wale wawili waliokuwa wakipokezana punda mmoja katika kilima cha Rabai walikaa jirani kwa muda usiofika miaka miwili. Rebmann akafa tarehe 4 Oktoba 1876.

Krapf aliendelea na kamusi yake miaka mitano zaidi. Jioni moja mwishoni mwa Novemba 1881 alizungumza na rafiki yake habari za kuja kwake Bwana, akiwa na uso mchangamfu, kisha akaingia chumbani mwake kama desturi yake. Asubuhi ya tarehe 26 hakutoka. Walipofungua mlango walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Alizikwa Korntal karibu na Rebmann, na mwaka uliofuata kamusi ya Kiswahili ikatoka London.